Mvua ya Kericho haiandikwi katika buruji

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, hakosekani mtu, awe redioni, sokoni au kwenye kituo cha kupimia majanichai, atakayetutangazia kwa uhakika kwamba mwaka ujao utakuwa wa kiangazi ama wa gharika kwa sababu Zohali imeingia nyumba fulani, au Mshtarii umekutana na Mirihi, au mwezi umeandama ukiwa umelala chali. Wako wanaocheka na kwenda zao. Lakini wako pia, nao si haba, wanaorudi nyumbani wakapanga mambo ya mbolea, ya mbegu za mahindi na ya karo kwa kuyafuata maneno hayo. Ni kwa ajili ya hawa ninapoishika kalamu leo.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kusomewa nyota yake kuhusu ndoa au safari. Hayo ni yake na mfuko wake. Lakini mvua ni jambo la watu wote. Mkulima mwenye nusu ekari ya chai huko Litein, Kapkatet au Mogogosiek hana akiba ya kumkinga dhidi ya utabiri wa uongo. Akiahirisha kutia mbolea kwa kuwa mnajimu amesema mvua itachelewa, kisha mvua ikaja kwa wakati wake, hasara ni yake peke yake. Mnajimu halipi fidia.

Nadai mambo matatu. Kwanza, kutumia unajimu kutabiri hali ya hewa ya miezi ijayo si elimu, ni kubahatisha kuliko vikwa joho la elimu. Pili, tusiuchanganye unajimu huo na ujuzi wa wazee wetu wa kutazama nyota, kwani viwili hivi ni mbali kama mashariki na magharibi. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, wanajimu wamepata wasikilizaji kwa sababu wenye elimu ya kweli hawajajitahidi kuzungumza na mkulima kwa lugha anayoielewa.

Tuanze na mahali penyewe. Nyanda za chai za Kericho na Bomet zimeinuka hadi mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi kuna Ziwa Victoria. Mchana jua linapopasha nchi joto, upepo wenye unyevu hupanda kutoka ziwani, ukakutana kwenye miinuko yetu na ule utokao mashariki. Hewa hiyo haina pa kwenda ila juu, na huko juu huganda. Ndiyo maana asubuhi huwa na jua la kupendeza, na alasiri ngurumo zikatanda. Ndiyo maana pia vitabu vya hali ya hewa huitaja Kericho, pamoja na jirani yake Nandi, miongoni mwa mahali penye mvua ya mawe nyingi zaidi ulimwenguni.

Yeyote aliyewahi kuliona shamba la chai baada ya mawe hayo hahitaji kuelezwa. Majani mawili na chipukizi moja ambayo mchumaji angeyachuma kesho yake hulala chini yamechanikachanika, na kichaka hukaa majuma kadhaa kabla ya kuchipua tena. Adui mwingine ni sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri ambayo huja katika miezi ya kiangazi usiku unapokuwa mweupe bila wingu. Januari 2012 sakitu iliyababua majani katika mashamba mengi ya Kericho, Bomet na Nandi yakawa kama yaliyopitiwa na moto. Wa tatu ni ukame. Ule wa mwanzo wa 2017 ulichangia kuyashusha mavuno ya chai ya Kenya nzima kutoka kilo milioni 473 hivi mwaka 2016 hadi milioni 440 hivi.

Kwa hivyo hamu ya kujua yajayo si upumbavu. Ni haki ya mtu ambaye riziki yake inaning'inia kwenye wingu. Hata makampuni makubwa yalishikwa na hamu hiyo hiyo. Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa ya Kericho yalirusha roketi zenye baruti mawinguni ili kuyavunja mawe kabla hayajaanguka, na baadaye zikaletwa ndege za kunyunyizia mawingu ayodidi ya fedha kwa matumaini kwamba mawe yangepungua ukubwa. Mnamo 1982 watafiti wawili walichapisha uchunguzi uliodokeza kwamba vumbi la majani makavu ya chai yenyewe, likipeperushwa juu, huweza kuwa mbegu ya barafu mawinguni. Fikiri, ndugu msomaji: huenda zao linalopigwa na mawe ndilo linalosaidia kuyaumba! Nayataja haya ili tuone jinsi anga ya mahali petu ilivyo tata, na jinsi wenye mitambo na fedha walivyohangaika nayo. Je, tuamini kwamba mtu mwenye jedwali la buruji, asiyewahi kuona kipimamvua, ameipata siri yake?

Atajibu mtu kwamba ameyaona kwa macho yake. Fulani alisema mvua kubwa itakuja mwezi wa nne, ikaja. Hapo ndipo penye mtego. Kericho ni mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua nyingi. Anayetabiri mvua kubwa ya Aprili Kericho hatofautiani na anayetabiri kwamba jogoo atawika alfajiri. Vivyo hivyo anayesema kwamba mwaka huu mawe yatapiga mashamba ya chai. Lini hayakupiga? Hakuna mahali pepesi zaidi pa kuwa mnajimu wa mvua kuliko nyanda za chai, maana hata akinyamaza, mvua itamsemea.

Utabiri wenye thamani ni ule unaotwambia lile ambalo kalenda haikutwambia: kwamba mwaka huu mvua ya Machi itakawia, kwamba kiangazi cha Januari kitapita kiasi, kwamba vuli itazidi kawaida. Tena uwe umeandikwa kabla, wenye mahali na wakati, ili tuweze kuurudia na kuuhesabu. Utabiri wa wanajimu aghalabu hauna hata kimoja. Husema "sehemu kadhaa zitapata mvua" au "wakulima wawe waangalifu". Maneno ya aina hiyo hayawezi kukosea kwa sababu hayakusema kitu. Na yakitokea ya kweli mara moja, huimbwa miaka kumi. Yakikosea mara tisa, hakuna anayekumbuka.

Mambo haya si ya Afrika pekee. Johannes Kepler, mmoja wa waasisi wa elimu ya falaki ya kisasa, alilazimika katika ujana wake mjini Graz kutunga kalenda za unajimu. Katika kalenda ya 1595 alitabiri baridi kali na mashambulizi ya Waturuki. Yote mawili yakatokea, na sifa zake zikaenea. Lakini sheria zake za mwendo wa sayari, ambazo ndizo zilizomfanya akumbukwe hadi leo, hazina neno hata moja juu ya mvua. Huko Marekani ziko kalenda za wakulima ambazo kwa zaidi ya karne mbili zimeuza utabiri wa mwaka mzima kwa kanuni za siri. Mnamo 1981 wataalamu wawili walichapisha matokeo ya kuupima utabiri wa kalenda moja maarufu kwa vipimo vya miaka mitano. Waligundua kwamba ulikuwa sahihi karibu nusu ya mara zote, katika joto na katika mvua pia. Nusu ndiyo utakayoipata kwa kurusha sarafu, na sarafu hainunuliwi kila mwaka.

Tuulize basi kama sayari zina njia yoyote ya kuigusa mvua yetu. Mwezi, ulio jirani yetu wa karibu kuliko vyote angani, huvuta maji ya bahari hata yakajaa na kupwa, na huivuta hewa pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitumia vipimo vya setilaiti vya miaka 15, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba mvuto huo huweza kuibadilisha mvua kwa kiasi cha asilimia moja hivi. Asilimia moja! Hiyo haimtoshi mkulima hata kuamua kama avae koti. Ikiwa huo ndio uwezo wa mwezi, Zohali iliyo mbali nasi kwa zaidi ya kilomita bilioni moja itafanya nini?

Liko na jambo jingine ambalo wanajimu hawapendi kulisema. Mhimili wa dunia hupepesuka polepole mithili ya pia inayokaribia kuchoka, na mzunguko mmoja wa kupepesuka huko huchukua miaka 26,000 hivi. Kwa sababu hiyo, buruji zilizopangwa na watu wa kale miaka 2,000 iliyopita zimejongea karibu hatua moja nzima. Wanajimu wengi wanaposema jua limeingia Hamali, ukitazama angani utalikuta liko katika Hutu. Jedwali lisilojua hata jua liko wapi, litajuaje wingu liko wapi?

Nikifika hapa najua baadhi ya wazee wataninyoshea kidole. Watasema, "Wewe kijana unaitukana elimu ya babu zako. Sisi tulipanda kwa nyota." Naam, mlipanda kwa nyota, nami nalitetea hilo kwa nguvu zangu zote. Lakini tutazame mlikuwa mkifanya nini.

Wakalenjin wanakijua kikundi kile cha nyota ndogondogo zilizosongamana kiitwacho Koremerik. A. C. Hollis, katika kitabu chake The Nandi cha mwaka 1909, aliandika kwamba kwa kuonekana au kutoonekana kwa nyota hizo watu walijua kama watarajie mavuno mema au mabaya. Waswahili wa pwani wanaziita nyota hizo hizo Kilimia, jina litokanalo na kulima, na wana msemo wao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Pwani hiyo hiyo iliwapa mabaharia hesabu ya siku za mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, zikagawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua lini kaskazi itavuma na lini kusi itafunga bahari.

Je, huu ni unajimu? Hata kidogo. Kilimia hakileti mvua, wala wazee hawakudai hivyo. Kilimia ni saa. Kinapopotea jioni katika mwanga wa jua karibu na mwezi wa tano, na kinapochomoza tena alfajiri mnamo mwezi wa sita, kinatuambia jua limefika wapi katika safari yake ya mwaka, na jua ndilo linalouvuta mkanda wa mvua kaskazini na kusini. Mtu asiye na kalenda ya karatasi aliisoma kalenda ya mbinguni. Hiyo ni elimu ya falaki iliyotumika shambani, wala haina haja ya kuona haya mbele ya mtu yeyote.

Tena huenda nyota zikasema zaidi ya tarehe. Katika milima ya Andes, nchini Peru na Bolivia, wakulima wa viazi huamka usiku wa manane mwezi Juni kuzitazama nyota hizo hizo. Zikionekana kali na nyingi, hupanda kwa wakati wa kawaida. Zikionekana hafifu, huchelewesha. Wataalamu walicheka hadi watatu miongoni mwao walipoamua kuchunguza. Mwaka 2000 walichapisha katika jarida la Nature kwamba wakulima wale wana haki. Katika miaka ya El Niño hutanda mawingu membamba sana ya juu yasiyoonekana kwa macho, yakazififisha nyota. Na miaka hiyo ndiyo ambayo mvua hupungua huko miezi kadhaa baadaye. Wakulima hawakuwa wakizisoma nyota. Walikuwa wakiisoma hewa iliyo kati yao na nyota.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Mzee hutazama kitu kilichopo, akakilinganisha na mvua zilizopita, akawarithisha wanawe. Akikosea, majirani humjua. Mnajimu hatazami kitu. Hufungua jedwali lililotungwa katika nchi nyingine kwa ajili ya bahati za wafalme, akalitumia kwa mvua ya Bomet. Afrika Mashariki nzima ilimjua marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, na jinsi kila utabiri wake ulivyovuma magazetini. Umaarufu ule unatufunza kwamba masikio yetu yana kiu ya yajayo. Haututhibitishii kwamba nyota zina habari za mvua.

Na anayeyashika masikio ameshika mamlaka. Watu wa Kericho wanalijua hili kuliko wengine. Ukoo wa Talai, waliotoka kwao maorkoiyot walioheshimiwa kwa kutabiri na kuongoza, ulionekana na serikali ya kikoloni kuwa hatari kwa sababu watu waliusikiliza. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwahamisha, wakang'olewa mamia kwa mamia kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, kando ya ziwa, mahali pa joto na mbung'o. Dhuluma ile bado inalalamikiwa hadi leo. Naitaja hapa kwa heshima, kwani mkoloni alielewa jambo ambalo sisi tumelisahau: swali la nani anawaambia watu yatakayokuja si swali dogo. Mahali hapo pakiachwa wazi, atapakalia yeyote.

Sasa nije kwenye hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi yangu. "Hao wataalamu wako wa Dagoretti Corner," nitaambiwa, "mbona nao hukosea?" Kweli, hukosea. Mwaka 1997 walionya juu ya El Niño, na gharika ikaja ikazoa madaraja na barabara. Mwaka 2015 wakaonya tena, nchi ikajiandaa kwa hofu, na mvua ikawa kubwa kidogo tu katika sehemu nyingi, watu wakacheka. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kutajika, lakini maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kupita kiasi, mafuriko na maporomoko yakaua watu, hasa Pokot Magharibi. Mwaka 2023 ndio uliokuwa wa fedheha zaidi. Wataalamu walitoa onyo la El Niño. Oktoba Rais William Ruto akatangaza, akiwataja wataalamu hao hao, kwamba El Niño ile ya kutisha haitakuja. Novemba maji yakafunika nchi, na zaidi ya watu mia moja wakapoteza maisha.

Lakini tazama tofauti. Kwa kila kosa hapo juu, sababu inajulikana na imeandikwa. Tunajua sasa kwamba kuitazama Bahari ya Pasifiki peke yake hakutoshi. Ni lazima kuitazama na Bahari ya Hindi. Makosa ya wataalamu yamekuwa ngazi. Makosa ya wanajimu ni yale yale tangu enzi za Babeli, kwa kuwa hakuna aliyeyahesabu.

Isitoshe, mtaalamu mwaminifu huutangaza mpaka wa elimu yake. Tangu Edward Lorenz alipochapisha kazi yake mwaka 1963, inafahamika kwamba hali ya hewa ya siku fulani haiwezi kujulikana zaidi ya majuma mawili hivi kabla. Hakuna mtu duniani, wala hatakuwapo, awezaye kukwambia Januari kwamba tarehe 14 Aprili mawe yataanguka Kapkoros. Linalowezekana ni kukadiria tabia ya msimu mzima, kwa sababu bahari hubadilika polepole na huiburuta hewa nyuma yake. Na hata hapo, vuli ya Oktoba hadi Desemba hukadirika vyema kuliko masika ya Machi hadi Mei. Masika ni kaidi. Bahari haiitawali sana. Mtaalamu anayekwambia hivyo hakuonyeshi udhaifu. Anakuonyesha kwamba anajua anachokijua.

Tatizo ni jinsi anavyokwambia. Kituo cha ICPAC, ambacho kina makao yake katika eneo la Nairobi, pamoja na Idara ya Hali ya Anga, hutoa makadirio ya msimu kwa asilimia. Tuchukue mfano: asilimia 45 kwamba mvua itazidi kawaida, 35 kwamba itakuwa ya kawaida, na 20 kwamba itapungua. Mkulima anayesikia hayo redioni huelewa kwamba mvua itazidi. La, hasha! Maana yake ni kwamba katika misimu kumi ya namna hii, minne au mitano itazidi, mitatu au minne itakuwa ya kawaida, na miwili itapungua. Kwa hivyo mwenye busara atatia mbolea kwa wakati, atazibua mitaro ya maji, lakini hatauza mahindi yote ya ghalani. Nani amemweleza hivyo? Ripoti hutolewa kwa Kiingereza cha ofisini, ikatafsiriwa kwa haraka, ikafika kijijini ikiwa uvumi. Mnajimu kwa upande wake husema Kiswahili fasaha, hana asilimia, hana shaka. Tunashangaa kwamba anasikilizwa?

Njia bora ipo, tena si ya kuagizwa ng'ambo. Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa kutabiri mvua kwa kutazama miti, upepo, wadudu na ndege katika misitu yao mitakatifu. Tangu mwaka 2008 hivi, wazee hao na wataalamu wa hali ya anga wamekuwa wakiketi pamoja kabla ya msimu, kila upande ukaleta makadirio yake, yakalinganishwa na kutolewa kwa watu kwa lugha yao. Hakuna aliyedharauliwa. Kwa nini isiwe hivyo Kericho na Bomet? Wazee wanaoijua Koremerik wangalipo, ingawa wanapungua kila mwaka.

Napendekeza basi mambo manne. La kwanza, katika kila kituo cha kupimia majanichai cha wakulima wadogo, pabandikwe makadirio ya msimu kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, katika ukurasa mmoja, na kando yake yabandikwe yale ya msimu uliopita pamoja na mvua iliyonyesha kweli. Mkulima ajionee mwenyewe nani amesadiki na nani amekosea. Vituo hivyo hutembelewa na watu kuliko ofisi yoyote ya serikali.

La pili, kumbukumbu za mvua zifunguliwe. Kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1951, na mashamba makubwa yanayopima mvua kila asubuhi, yana hazina ambayo mkulima mdogo haioni. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nayo mashamba makubwa hayatapungukiwa na kitu kwa kumwonyesha jirani kipimo cha mvua iliyowanyeshea wote.

La tatu, wanasiasa wakae mbali na mawingu. Tangazo la hali ya anga litolewe na mwenye kazi hiyo, kwa jina lake na kwa maandishi, wala lisipitie jukwaani kwanza ili litiwe sukari. Yaliyotokea 2023 yatutoshe.

La nne linatuhusu sisi wa magazeti na redio. Anayetaka kuchapisha nyota za bahati na achapishe, lakini asiziweke karibu na habari za mvua, wala asimwite mnajimu kuzungumzia ukame. Kufanya hivyo ni kumuuzia mkulima maji ya chumvi akiwa na kiu.

Nawe, mkulima mwenzangu, sikuombi umwamini mtaalamu kwa sababu ana shahada. Chukua daftari la mwanao la shule lenye kurasa zilizobaki. Upande mmoja andika kila utabiri utakaousikia, wa nani, wa lini, wa wapi. Upande wa pili andika yaliyotokea. Fanya hivyo miaka mitatu, ukihesabu na makosa. Kisha uamue mwenyewe nani utampa sikio lako siku ya kununua mbolea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na utabiri ni vivyo hivyo: usioandikwa hauwezi kuulizwa, na usioulizwa hauna haki ya kuamua watoto wako watakula nini.